Mita Mbili, Sekunde Kumi na Sita: Historia ya Kusoma Boya la Bahari

Boya lililo kilomita mia tano kutoka pwani likituma taarifa kwamba mawimbi yana urefu wa mita 2.1, bado halijakwambia kama uingie baharini au ubaki nchi kavu. Mita 2.1 za mawimbi yaliyozaliwa asubuhi ile ile na upepo wa karibu huchafua bahari, huwalowesha abiria na kuwatapisha, na upepo ukilala nazo hulala. Mita hizo hizo, zikiwa zimesafiri siku nne kutoka kwenye dhoruba ya mbali, hupita chini ya chombo kwa upole mno hata mvuvi aliye kilindini huenda asizihisi. Zikifika kwenye maji madogo huinuka na kubomoa gati. Kinachozitofautisha kimeandikwa katika safu ya pembeni ya taarifa hiyo, safu ambayo wasomaji wengi huiruka: idadi ya sekunde kati ya wimbi na wimbi.

Safu hiyo haikuwekwa pale kwa bahati. Imegharimu vita kuu, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 1,800, na kazi ya watu waliokesha wakitazama sindano ikitikisika kwenye karatasi.

Walioisoma bahari bila namba

Mabaharia wa visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki, walilijua jambo hili kabla ya mtu yeyote kulitungia hesabu. Visiwa vyao ni vya matumbawe, vifupi kiasi kwamba kwenye mtumbwi huwezi kuviona mpaka uwe umevikaribia sana. Kwa hiyo walijifunza kufuata mawimbi marefu yanayotoka mbali, yale yasiyojali upepo wa siku ile. Mawimbi ya namna hiyo yakikuta kisiwa hupinda na kukizunguka, mengine hurudi nyuma, na mahali yanapokutana tena bahari huwa na mchezo wake wa pekee. Nahodha aliusikia mchezo huo kwa mwili. Wengine walilala sakafuni ndani ya mtumbwi ili wausikie vizuri zaidi. Kuwafundisha vijana walitengeneza ramani za vijiti vilivyofungwa pamoja, na makombe yakisimama mahali pa visiwa. Ramani hizo zilisomwa nyumbani na kuachwa huko huko. Winkler, ofisa wa jeshi la wanamaji la Ujerumani, alizieleza kwa maandishi mwaka 1898, na hapo ndipo Ulaya ilipoanza kuelewa kwamba vile vijiti vilikuwa elimu.

Upande wetu wa dunia elimu kubwa ilikuwa ya majira. Ahmad ibn Majid, mwanamaji aliyetoka Julfar katika Ghuba, alikusanya mnamo 1490 maarifa ya misimu ya safari katika Bahari ya Hindi, na pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya hesabu zake. Nahodha wa jahazi aliyengoja kaskazi imshushe na kusi impandishe aliulizwa swali moja juu ya yote: tung'oe nanga lini? Urefu wa wimbi aliupima kwa jicho na kwa uzoefu, na hakuhitaji kumwandikia mtu mwingine aliyekuwa mbali.

Haja ya kuandika ilikuja na majeshi ya majini. Mwaka 1806 Francis Beaufort, ofisa wa Uingereza, alijitungia ngazi ya upepo yenye namba. Hakuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo ngazi ile iliutaja upepo kwa kile unachoweza kuifanya manowari ya matanga: tanga ngapi zinabaki juu, ngapi zinakunjwa, na lini hakuna tanga linalostahimili. Mwaka 1838 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifanya kuwa lazima katika daftari za meli. Baadaye, Oktoba 1859, meli Royal Charter ilivunjika kwenye mwamba wa Wales na kuua watu wapatao 450. Robert FitzRoy, aliyekuwa akiongoza ofisi mpya ya hali ya hewa ya serikali, aliutumia msiba huo kuidhinishiwa mpango wa kupeleka maonyo bandarini kwa simu ya maandishi. Maonyo yalianza 1861.

Lakini yalikuwa maonyo ya upepo. Mawimbi yalichukuliwa kuwa kivuli chake tu: upepo ukivuma yapo, ukitulia yamekwisha. Wimbi linalofika siku ya jua, bila hata jani kutikisika, halikuwa na mahali pa kuandikwa.

1942–1944: Mashua za kushushia askari pwani

Mwaka 1942 kijana mzaliwa wa Vienna, Walter Munk, alikuwa akilifanyia kazi jeshi la Marekani. Alikwenda kutazama mazoezi ya kushusha askari katika pwani ya Carolina. Mashua zile zilikuwa na mlango bapa mbele. Mlango huanguka, askari wanatoka mbio. Alichokiona ni kwamba mawimbi yakipita kimo fulani, mashua huzungushwa ubavu, hujaa maji na watu huumia, na makamanda husimamisha zoezi hadi siku nyingine. Alipouliza maswali akafahamu kwamba yaliyokuwa yakiandaliwa ni mashambulizi ya Afrika Kaskazini-Magharibi, kwenye pwani ya Atlantiki, ambako mawimbi ya majira ya baridi mara nyingi hupita kimo hicho. Huko hapangekuwa na siku nyingine.

Munk alimwita mwalimu wake, Harald Sverdrup, Mnorwe aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Scripps kule California. Wakaligawa tatizo katika sehemu tatu. Ya kwanza, mawimbi yanayozaliwa ndani ya dhoruba: upepo una kasi gani, umevuma kwa saa ngapi, na juu ya maji yenye upana gani. Ya pili, mawimbi yaliyoiaga dhoruba na kusafiri peke yake. Ya tatu, mawimbi yanapopanda ufuko. Mgawanyo huo ndio uliobaki hadi leo. Kila taarifa ya boya inayotenganisha mawimbi ya upepo na mawimbi ya mbali inafuata ule mstari waliouchora wao.

Kulikuwa na tatizo jingine, dogo kwa kuliona lakini zito: wimbi lenye urefu gani? Bahari haitoi wimbi la kimo kimoja. Linapita dogo, linafuata kubwa, halafu mawili ya kati. Ukichukua wastani wa yote unapata namba ndogo ambayo hakuna baharia atakayeikubali. Munk alisimulia baadaye kwamba waliwauliza waongozaji wa mashua wataje urefu wa mawimbi waliyopitia, kisha wakalinganisha na vipimo. Majibu ya wale mabaharia yalikaribiana na wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi iliyo kubwa kuliko mengine. Jicho la mtu aliye ndani ya mashua huyasahau mawimbi madogo. Basi wakakifanya hicho kuwa kipimo rasmi, na ndicho kinachosomwa kwenye maboya na katika utabiri wa dunia nzima mpaka sasa. Mimi hupenda kulikumbuka hili kila nionapo namba yenye desimali: chanzo chake ni makadirio ya waongozaji mashua waliolowa maji.

Mbinu yao ilifundishwa kwa maofisa wa hali ya hewa, na mnamo Juni 1944 ilikuwa sehemu ya utabiri wa kuvuka kwenda Normandy. Upepo mkali na mawimbi ya tarehe 5 vilisababisha safari iahirishwe. Tarehe 6 bahari ilikuwa mbaya bado, ila iliruhusu. Kazi yenyewe, iliyoandikwa kwa siri wakati wa vita, ilichapishwa wazi mwaka 1947.

Gurudumu la Teddington

Waingereza nao walikuwa na kikundi chao cha mawimbi, kilichoundwa 1944 katika maabara ya jeshi la wanamaji huko Teddington, nje kidogo ya London. Kiliitwa Kundi W. Kiongozi wake alikuwa George Deacon, na miongoni mwa vijana wake walikuwamo Norman Barber na Fritz Ursell. Ndio waliotoa jibu la swali ambalo Sverdrup na Munk walilikaribia tu: je, unaweza kuchukua bahari iliyovurugika na kuichambua wimbi kwa wimbi?

Vipima shinikizo viliwekwa chini ya bahari karibu na Pendeen, Cornwall. Wimbi likipita juu shinikizo hupanda, likiondoka hushuka, na mchoro wake huandikwa kwenye karatasi ndefu ya picha. Mchoro huo haukuwa mstari mwembamba. Upande mmoja wa mstari ulikuwa mweusi na upande wa pili mweupe, kama kivuli cha milima. Karatasi ilizungushwa kwenye gurudumu kubwa, gurudumu likasukumwa likaenda kasi, kisha likaachwa lipunguze mwendo lenyewe. Taa iliangaza karatasi, na jicho la umeme likapokea mwanga unaorudi. Kadiri gurudumu lilivyopunguza kasi, kila kundi la mawimbi lililojificha ndani ya mchoro lilifika zamu yake ya kukitikisa chombo kilichorekebishwa kuitikia mdundo mmoja tu. Mwishoni unapata karatasi nyingine yenye vilele: nguvu kiasi hiki kwa mawimbi ya sekunde 18, kiasi hiki kwa ya sekunde 12, kiasi hiki kwa ya sekunde 7. Leo kompyuta ndogo ndani ya boya hufanya kazi hiyo kabla hujafumba jicho.

Barber na Ursell walipozipanga karatasi za siku kadhaa mfululizo wakaona vilele vinahama. Siku ya kwanza nguvu huja na mawimbi yenye sekunde nyingi. Siku inayofuata sekunde zimepungua. Siku ya tatu zimepungua tena. Hesabu za karne ya 19 zilikuwa zimekwisha kusema kwamba katika maji ya kina kirefu wimbi refu huenda kasi kuliko fupi. Hapa ndipo ushahidi ulipopatikana. Dhoruba huzaa mawimbi ya kila aina kwa wakati mmoja, nayo hutangulizana njiani kama wakimbiaji wa masafa marefu, na yeyote anayesimama mwisho wa njia anaweza kukadiria walianzia wapi kwa kutazama pengo kati yao.

Hesabu yake si ngumu. Katika maji ya kina, nguvu ya mawimbi husafiri kwa kasi ya takriban maili moja na nusu za bahari kwa saa kwa kila sekunde iliyo kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi ya sekunde 18 huenda maili 27 kwa saa, yale ya sekunde 15 huenda 22 na kitu. Ikiwa ya sekunde 18 yamefika leo asubuhi na ya sekunde 15 yanafika kesho asubuhi, basi dhoruba iliyoyazaa ilikuwa umbali wa karibu kilomita 6,000. Huhitaji setilaiti, wala meli iliyoiona. Kwa njia hiyo, mawimbi madogo yasiyotambulika kwa macho huko Cornwall yalipatikana kuwa yametoka Atlantiki ya Kusini, jirani na Cape Horn. Makala yao ya 1948 ndiyo, kwa maoni yangu, cheti cha kuzaliwa cha usomaji wa boya, ingawa boya lenyewe halikuwepo.

Munk alilichukua wazo hilo akaenda nalo mbali. Mwaka 1959 yeye na wenzake walipima mawimbi ya kusini kwenye kisiwa cha San Clemente, California, wakakuta kwamba baadhi yake yametoka Bahari ya Hindi, nusu ya mzunguko wa dunia. Kisha mwaka 1963 wakaamua kuyasindikiza. Vituo sita vilipangwa katika mstari mmoja kutoka New Zealand hadi Alaska: Cape Palliser, Tutuila ya Samoa, kisiwa kitupu cha Palmyra, Hawaii, chombo cha utafiti FLIP kilichokuwa kikisimama wima baharini, na Yakutat. Munk alikaa Samoa pamoja na familia yake. Nadhani hakuna aliyemlaumu. Dhoruba za kusini zilipovuma, mawimbi yake yalionekana kituo baada ya kituo kwa siku kumi na zaidi, na wapimaji walishangaa kuona jinsi yalivyopoteza nguvu kidogo. Yakishatoka katika eneo la dhoruba, upepo wa biashara na bahari iliyochafuka ya ikweta havikuyazuia kwa kiasi cha kutajika.

Baada ya mafuriko ya 1953

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ikikutana na bamvua iliyapandisha maji juu ya kuta za Uholanzi. Watu 1,836 walikufa huko, na mamia wengine Uingereza. Waholanzi waliamua kujenga kuta na milango ya bahari ya aina ambayo dunia haikuwa nayo. Mhandisi anayejenga ukuta huuliza swali ambalo kipima shinikizo cha pwani hakilijibu vizuri: huko nje kwenyewe mawimbi yana urefu gani, usiku na mchana, kwa miaka?

Meli haifai, maana ni kubwa, inajisukasuka yenyewe, na nahodha mwenye akili huikimbia dhoruba. Kinachotakiwa ni kitu kidogo, kisichoogopa. Kampuni ya Datawell, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1961, ilitengeneza tufe la manjano lenye kipenyo kisichofika mita moja, lililofungwa kwa kamba ya mpira inayovutika ili liweze kupanda na kushuka na kila wimbi bila kuzuiwa na nanga. Ugumu ulikuwa ndani. Kipima mchapuko kikilala upande mmoja pamoja na boya huichanganya nguvu ya uvutano wa dunia na mwendo wa wimbi, na hesabu yote huharibika. Wakakining'iniza kwenye sahani iliyozama katika chombo kilichojaa kimiminika, ibaki tambarare hata tufe likiyumba vipi. Mchapuko ukijumlishwa mara moja hutoa kasi. Ukijumlishwa mara ya pili hutoa urefu. Redio ikapeleka matokeo nchi kavu.

Ndiyo maana nikaandika mwanzoni kwamba boya halikwambii moja kwa moja unachotaka kujua. Lenyewe linajua jambo moja tu, kwamba linasukumwa juu au linaachwa chini. Mengine yote ni hesabu.

Marekani ilipenda ukubwa. Jeshi lake la wanamaji liligharimia katika miaka ya 1960 maboya ya umbo la sahani yenye kipenyo cha mita 12, yaliyobeba vipima upepo, joto na shinikizo la hewa. Mwaka 1970 kazi ya maboya ilipewa shirika jipya la bahari na anga, NOAA, na ofisi yake ikawa Mississippi. Miaka iliyofuata maboya yalipungua ukubwa. Ya kawaida leo ni ya mita 3. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wameonyesha kwamba boya linaloandika pia jinsi linavyoinama mbele na ubavuni linaweza kutaja mawimbi yanatoka upande gani. Katika 1968 na 1969, watafiti wa nchi kadhaa wakiongozwa na Mjerumani Klaus Hasselmann walipanga vipimo katika mstari wa kilomita 160 kutoka kisiwa cha Sylt, na matokeo yao ya 1973 yakatoa umbo la kihesabu la mawimbi machanga ambalo wahandisi wa bandari na majukwaa ya mafuta bado wanalitumia. Hasselmann alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2021, lakini kwa kazi yake ya tabianchi.

Taarifa inafika kwa watu wa kawaida

Kuanzia 1975 Taasisi ya Scripps ilianza kuweka vipimo vya mawimbi kwenye pwani ya California, kituo cha kwanza kikiwa Imperial Beach, na kuvitoa kwa umma. Walengwa walikuwa wahandisi. Waliovidaka ni watu wa kuteleza juu ya mawimbi, ambao siku ya kazi ilikuwa tayari imewaharibikia ikiwa walisafiri saa tatu kwa gari na kukuta maji yametulia. Mwaka 1985 huduma ya simu ya Surfline ilianza kuuza utabiri wa mawimbi California, na Sean Collins, aliyejifundisha mwenyewe kusoma ramani za dhoruba za ulimwengu wa kusini, akawa jina kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 1997 kituo cha maboya cha Marekani kiliweka namba ya simu: uliipiga, ukabonyeza namba ya boya, sauti ya mashine ikakusomea. Mvuvi wa kamba akaanza kupiga kabla ya kupasha injini moto.

Hapo ndipo usomaji ukageuka kuwa ujuzi wa mtaani. Tuchukue taarifa moja ya mfano, ya kubuni lakini yenye sura ya kweli. Upepo: kaskazini-magharibi, mita 8 kwa sekunde. Mawimbi kwa jumla: mita 2.1. Mawimbi ya upepo: mita 0.9, sekunde 5, kutoka kaskazini-magharibi. Mawimbi ya mbali: mita 1.9, sekunde 16, kutoka kusini-magharibi.

Mtu asiyezoea hujumlisha 0.9 na 1.9 akapata 2.8 akadhani boya limekosea. Halijakosea. Urefu wa mawimbi hujumlishwa kwa vipeo vyake vya pili: 0.81 na 3.61 ni 4.42, ambayo kipeuo chake cha pili ni 2.1. Mawimbi yale madogo yameongeza sentimita 20 tu kwenye jumla.

Kisha sekunde. Wimbi la sekunde 5 lina urefu wa karibu mita 39 kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 16 lina karibu mita 400. Wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari kina kinapokuwa nusu ya masafa hayo. La kwanza linaihisi sakafu kwenye kina cha mita 20, mlangoni kabisa mwa pwani. La pili linaihisi tangu mita 200, na kila mgongo wa mwamba njiani hulipinda na kulikusanya mahali fulani. Nguvu inayofika katika kila mita ya ufuko hutegemea kipeo cha pili cha urefu ukizidisha kwa sekunde, na ukifanya hesabu hiyo utakuta mawimbi ya mbali katika taarifa yetu yana nguvu zaidi ya mara 14 ya yale ya upepo, ingawa urefu wake ni mara mbili tu na kidogo. Mtu aliye kwenye boti atalalamikia yale ya upepo, yaliyo mafupi na makali. Mtu aliyesimama kwenye mwamba wa pwani anatakiwa kuyaogopa yale mengine.

Saa pia zinasomeka. Kwa sekunde 16, nguvu husafiri kilomita 45 kwa saa. Boya likiwa kilomita 500 kutoka ulipo, katika njia ya mawimbi hayo, una saa kumi na moja.

Upepo nao una masharti yake. Maboya ya Marekani hutoa wastani wa dakika 8, na kwenye boya la mita 3 kipima upepo kiko mita nne au tano tu juu ya maji, kwa hiyo namba yake ni ndogo kuliko ya kituo chenye mlingoti wa mita 10. Mwelekeo wa upepo na wa mawimbi hutajwa kwa kule vinakotoka. Upepo na mawimbi mafupi vikitoka upande mmoja, umeelewa kinachoendelea. Mawimbi marefu yakitoka upande ambao hauna upepo wowote, kuna dhoruba mahali usipopaona.

Siku ya mwaka mpya, 1995

Theluthi ile ya waongozaji mashua ina mtego wake. Katika mawimbi elfu moja, yaani saa chache tu za bahari ya kawaida, lililo kubwa kuliko yote hukaribia mara mbili ya urefu unaotangazwa. Tarehe 1 Januari 1995, kipimo cha leza kwenye jukwaa la gesi la Draupner, katika maji ya Norway, kiliandika wimbi la mita 25.6 wakati urefu rasmi wa bahari ile ulikuwa karibu mita 12. Hadithi za mabaharia kuhusu mawimbi ya ghafla, ambazo wanasayansi wengi walizisikiliza kwa heshima bila kuziamini, zilipata cheti siku ile. Boya dogo huenda lingekwepa kilele cha wimbi kama lile kwa kuteleza pembeni, au kuvutwa katikati yake. Ukisoma mita 2, basi, ujue kwamba ndani yake kuna wimbi la karibu mita 4 linalosubiri zamu yake.

Bahari ya Hindi, 2007 na baadaye

Tarehe 12 Mei 2007 kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kilipigwa na mawimbi yaliyofika mita 11. Magati yalivunjika huko Saint-Pierre na wavuvi wawili wakapotea. Dhoruba iliyoyazaa ilikuwa kusini mwa Cape Town, karibu kilomita 4,000 kutoka hapo, siku tatu kabla. Rada ya setilaiti ya Ulaya, Envisat, iliyafuatilia njiani, na siku chache baadaye yalifika pwani za Indonesia. Ni ule ule msafara wa 1963, safari hii katika bahari yetu.

Setilaiti hupita na kuondoka. Boya hubaki, na hilo ndilo tatizo lake katika maji yetu. Mtandao wa maboya ya monsuni wa RAMA, ulioanza kuwekwa Bahari ya Hindi katika miaka ya 2000, ulicheleweshwa upande wa magharibi na maharamia wa Somalia, kwa kuwa meli za kuweka na kutengeneza maboya hazikuweza kufika. Nao wavuvi wa bahari kuu hulipenda boya kwa sababu samaki hukusanyika chini yake. Hufunga vyombo vyao hapo, nyaya hukatika, vipimo vinakoma. Na maboya hayo kazi yake kubwa ni upepo, mvua na joto la maji. Maboya ya mawimbi yanayotoa takwimu wazi kwa kila mtu yamejaa pwani ya California; kutoka Lamu hadi Mtwara ni haba mno.

Kwa hiyo utabiri wetu hutegemea zaidi kompyuta na setilaiti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na wavuvi wengi wa Unguja, Mafia na Kilwa sasa hulipokea kwa simu. Ni hatua kubwa, lakini angalizo hilo limeishia pale ambapo FitzRoy na Beaufort wangeelewa: upepo kiasi hiki, urefu kiasi hiki. Mita 2 za kusi la Julai, zenye sekunde 6 au 7, ni habari ya mwenye ngalawa na abiria wa boti. Mita 2 za sekunde 16 kutoka kusini ni habari ya anayefunga boti nje ya mwamba, ya mama anayelima mwani upande wa mashariki, na ya mwenye kibanda juu ya mchanga. Programu zinazotoa utabiri huo tayari zina sekunde na mwelekeo ndani yake. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya ziongeze namba hizo mbili kwenye matangazo yao ya Kiswahili. Wavuvi wataujua upesi uzito wake.